Kasi ya Aliyesimama

Walikuwa wamelifunga daraja kwa koni nne
na tochi moja.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Januari,
ukungu umeilalia mifereji ya Friesland
kama utando wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni,
nami nachelewa zizini kwa Bouwe Hiemstra,
ambako ng'ombe tisini hawajui neno samahani.

Trafiki akainua mkono.
Kofia ngumu ninayo. Leseni ninayo, bima ninayo,
taa ya nyuma nimeibadilisha Jumamosi.
Hata hivyo moyo ukaanza kulitafuta kosa,
kama mtu anayejipapasa mifukoni
akitafuta funguo alizozishika.

"Skuta ya nani?"
"Ya babu. Alifariki Oktoba."
"Pole," akasema, kwa sauti ya mtu.
Kisha, kwa sauti ya serikali: "Ipandishe hapa."

Hapa, yaani juu ya sanduku la chuma lenye rola mbili.
Gurudumu la nyuma likakalishwa kama mtoto kwenye mizani.
"Vuta mafuta. Yote."

Nikavuta.
Tukaenda, mimi na skuta, bila kwenda.
Daraja likabaki daraja, koni zikabaki nne.
Bata mmoja kwenye matete alitutazama,
asione sababu ya kutupisha.
Lakini namba kwenye kioo zilikuwa safarini:
ishirini na tano, haki ya kibao cha buluu,
thelathini na moja,
thelathini na nane,
arobaini na sita.

Nikatiwa hatiani kwa njia nisiyoipita.

Afisa Attema akachuchumaa, akafungua kifuniko cha ubavuni,
akamulika ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Hii si kazi yako," akasema. "Kutu hii ina miaka kumi.
Mtu ameikata pete ya kizuizi kwa tupa. Taratibu. Kazi safi."
Nusura amsifu.
Kalamu yake iliganda kwa baridi; akaipulizia pumzi, akaandika.

Babu Fokke!
Mzee aliyekunja leso pembe kwa pembe,
aliyelipa kodi ya mbwa kabla mbwa hajafika nyumbani.
Kila Alhamisi alikwenda Dokkum kununua siagi na gazeti,
na kila Alhamisi supu ya njegere ikapoa ikimngoja.
"Ni hii skuta," angesema, akivua glavu kidole kwa kidole.
"Ishirini na tano, Tjitske. Sheria ni sheria."
Nasi tukainywa supu ya baridi
kwa heshima ya sheria.

Niliisukuma kwa miguu hadi kwa bibi.
Ng'ombe wa Bouwe walikamuliwa na mwingine.
Bibi akavaa miwani, akaisoma karatasi ya faini,
kisha akairudia kwa kidole.
"Arobaini na sita," akasema.
Akaitoa penseli yake ya chemshabongo.
Kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi.
Akagawanya. Akatoa. Ikabaki nusu saa.
Nusu saa mara Alhamisi hamsini na mbili.
Mara miaka kumi.

Saa mia mbili na sitini
zilikaa pale mezani, kati ya chumvi na miwani,
na hakuna aliyejua pa kuziweka.

Nilitaka kusema: labda alisimama tu mahali,
akatazama maji, akavuta sigara aliyokwambia ameacha.
Nilitaka kusema: labda ni mbio zenyewe tu alizozipenda.
Sikusema. Mimi nina miaka kumi na saba,
naijua kasi; sizijui ndoa.

"Faini nitalipa mimi," akasema bibi.
"Deni la nyumba hii."
Akafuta hesabu kwa ncha ya mpira,
akapuliza vumbi lake kutoka kwenye kitambaa cha meza.

Ilikuwa Alhamisi.
Mchana akaipakua supu ingali ikitokota,
tukainywa bila kumngoja mtu,
tukaunguza ndimi.